Mwenyekiti Aliyelala na Pampu

Mwenyekiti hakuwa mwenyekiti wa kitu chochote. Niliseme mapema, maana watu wakisikia cheo wanadhani alikuwa na ofisi, au angalau kiti. Zamani, kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, aliongoza zoni yake miaka mingi. Zoni ilibaki kule, cheo akapanda nacho ndege. Hapa Quakers Hill, Australia, aliongoza chumba cha chini cha nyumba tuliyopanga mimi na mama: kitanda kimoja, Biblia moja, redio isiyoshika stesheni yoyote, na pampu.

Nyumba yetu iko mteremkoni. Kwa mbele uko usawa wa barabara, lakini ukishuka ngazi za ndani unaingia chumba ambacho nusu yake imezama ardhini, na mvua ikinyesha, maji ya mtaa mzima yanakuja kutafuta njia humo. Ndiyo maana kwenye kona ya sakafu kuna shimo lenye kifuniko, na ndani ya shimo kuna pampu. Maji yakijaa, boya linapanda, pampu inaamka na kuyasukuma hadi nje kwa bomba. Basi. Kitu hakina hata akili ya kuku. Ila sisi tulikiogopa kuliko tulivyoogopa polisi.

Sababu yenyewe: jina la Mwenyekiti halikuwa kwenye mkataba wa nyumba. Alikuja kwetu "kwa wiki moja tu" baada ya watu aliokuwa anakaa nao kuhamia Queensland, na ile wiki ikaota mizizi. Mkataba ulisema, kwa herufi ndogo ambazo mimi ndiye nilitumwa kuzisoma, kwamba mtu mwingine haruhusiwi kuishi humo bila ruhusa, na kwamba chumba cha chini ni cha kuwekea vitu. Nikamshauri mama tumwandikishe Mwenyekiti kama kabati. Mama alinirushia kandambili, na mama hakosi shabaha.

Kwa hiyo pampu ilipoanza kupiga kelele, ilikuwa kama siri yetu imepewa spika.

Kumwita ejenti, yule anayeisimamia nyumba kwa niaba ya mwenyewe, ingekuwa rahisi. Lakini ejenti angeleta fundi, fundi angeshuka chini, na chini kulikuwa na kitanda, suruali zilizotandikwa chini ya godoro zijipige pasi, na mzee mwenye tai. Juu ya hayo, Mwenyekiti alikuwa na msemo wake: "Mlalamikaji huhudumiwa mwisho." Aliutoa kambini, ambako ukilalamika kwamba unga umepungua unaambiwa usimame pembeni, na pembeni watu walisimama mpaka giza likaingia. Mama alikulia katika zoni yake. Msemo ule kwake ulikuwa kama amri ya kumi na moja. Bomba la jikoni lilivuja mwaka mzima tukaliwekea sufuria. Taa ya ukumbini ilikufa tukazoea kupapasa.

Mwenyekiti alivaa tai hata akienda kutoa pipa la taka. Akikutana na jirani anainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea risala. Nilipogundua kwamba anaamini karibu kila kitu kuhusu Australia mradi kisemwe kwa uso mkavu, nilimwambia kuna sheria ya kuwasalimia wale ndege weusi kwa weupe ambao majira ya kutotoa huwashambulia watu vichwani. Msimu mzima Mwenyekiti aliwavulia kofia. Watoto wa shule walitobolewa masikio, mtu wa posta alivaa helmeti yenye miiba, na yeye hakuguswa hata unywele. Aliponijia kunishukuru kwa ushauri, sikujua pa kuficha uso.

Mimi aliniita Redio. Alisema ndiyo redio pekee ya nyumba ile inayoshika, na ni bahati mbaya haina kitufe cha kuzimia.

Sheria yake ilikuwa moja: juu ya ngazi ni Australia, chini ya ngazi ni Kiswahili. Ukishuka na Kiingereza hakusikii. Anaendelea kukunja shati lake kama vile hakuna mtu chumbani. Nilimuuliza kama hakijui.

"Nilikitumia sana," alisema. "Kikanichosha."

Nikajua anadanganya kwa heshima, kama wazee wanaosema wameshiba.

Sasa, kelele. Mwanzoni pampu ilisaga kama mtu anayetafuna kokoto. Ilipozima, bomba lilipiga ukuta, gu!, kama askari anapiga mlango teke. Halafu yakasikika maji yakirudi shimoni, glu glu glu, na baada ya muda mfupi inaamka tena. Inasaga, gu!, glu glu glu. Kitanda cha Mwenyekiti kilikuwa hatua chache kutoka pale. Macho yake yalianza kuwa mekundu, lakini ukimuuliza amelalaje, jibu ni moja: "Kwa amani."

Jumamosi moja alituita chini. Alikuwa amevaa koti.

"Tumeketi hapa," alisema, ingawa tulikuwa tumesimama, "kwa sababu pampu ina jambo. Tutaisikiliza kwanza."

"Mwenyekiti," nikasema, "si mlalamikaji huhudumiwa mwisho?"

"Redio, hujapewa nafasi."

"Naomba nafasi."

"Umenyimwa."

Mama alikuwa anakaza midomo asicheke. Lakini mkono wake ulikuwa umeshika nguzo ya ngazi, na nilijua anahesabu kitu kingine kabisa: wiki iliyofuata ilikuwa ya ukaguzi. Kila baada ya miezi kadhaa ejenti anakuja kuangalia nyumba, anapiga picha kuta, anafungua jiko kama anatafuta maiti.

Tukaichomoa kwenye umeme, tukainyanyua. Ilikuwa nzito na inanuka kama soksi za timu nzima. Mwenyekiti aliipindua, nami nikamulika ndani kwa simu. Kwenye lile panga linalozunguka palikuwa na kokoto kidogo, na kitu cheusi kimejiviringisha, kirefu, kinang'aa. Mwenyekiti akarudi nyuma.

"Ni mnyama?"

Nikavuta. Kikaja, kikaja, kikaendelea kuja. Ilikuwa rasta. Nywele za kusukia. Kila Jumamosi mama alikuwa anawasuka akina mama wa kanisani pale chini, na vipande vinavyoanguka vilikuwa vinafagiliwa kuelekea shimoni kwa sababu ndiko sakafu inakoinama. Pampu ilikuwa imesukwa.

"Na imependeza," nikasema. "Tuitoe au tuiongezee shanga?"

Hapo mama akacheka hadi akakaa kwenye ngazi. Mwenyekiti hakucheka. Alizichuna zile nywele moja moja kwa wembe, kwa subira ya mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Tulipoirudisha, kusaga kukawa kumekwisha. Lakini ilipozima: gu! Akachana kitenge kikuukuu, akakata kipande cha godoro lake mwenyewe, akalifunga bomba kwenye nguzo kwa mafundo manne. Ikawa buf. Akafuta mikono.

"Na yale maji yanayorudi?" nikamwambia. Nilikuwa nimesoma kwenye simu: juu ya pampu kuna vali inayozuia maji yaliyokwisha panda yasirudi shimoni. Yetu ilikuwa imekufa, kwa hiyo pampu ilikuwa inasukuma maji yale yale, tena na tena, haipumziki. "Itaungua, Mwenyekiti. Inahitaji fundi."

Aliangalia kitanda chake. Aliangalia mlango.

"Hilo," alisema, "ni ajenda ya kikao kijacho."

Ukaguzi ulifika siku ya mvua nyepesi. Tulikikunja kitanda, tukakifunika na maboksi ya Krismasi. Mwenyekiti alitoka na mwavuli kwenda kukaa stesheni, kama msafiri asiye na safari. Aliacha agizo moja: pampu ikiamka, pigeni kelele kuizidi.

Ejenti alikuwa dada mchangamfu mwenye kompyuta ya mkononi. Alishuka chini mara moja, akapiga picha, akapanda. Nilianza kupumua. Yuko jikoni anaangalia ile sufuria chini ya bomba, ndipo chini ikasikika: vuuuuu.

Mama alinitazama. Nikawasha blenda. Tupu. Haina hata ndizi.

"Unatengeneza nini?" ejenti akauliza, kwa sauti ya kushindana na mashine.

"Juisi!"

"Ya nini?"

Nikaangalia ndani ya blenda, naye akaangalia. "Bado sijaamua," nikasema.

Mama alikuwa anatabasamu kwa meno yote, jasho likimteremka shingoni. Nilishikilia kitufe mpaka blenda ikaanza kunuka. Chini pakalia buf. Ejenti akageuza kichwa kuelekea ngazi. Akasikiliza. Kisha simu yake ikaita, akaaga, akaondoka. Mama alikaa sakafuni jikoni na sare yake ya kazi, ile ya nyumba ya wazee anakowatunza. Mwenyekiti aliporudi kutoka stesheni, viatu vimelowa, aliuliza tu, "Tumepita?" Tukasema tumepita. Akashuka kwenda kukikunjua kitanda.

Sikuweza kumcheka siku ile. Nilijaribu, ikakataa.

Huyu mtu alikuwa na ubishi wa ajabu. Ukisema leo kuna baridi, anapinga. Ukikubali kwamba hakuna baridi, anasema usikubali kubali ovyo. Lakini kwa mambo yake mwenyewe hakupinga lolote. Kipande cha godoro alichokata hakukirudishia. Alilala na shimo mgongoni. Mama akimpelekea blanketi la pili, asubuhi analikuta limekunjwa juu ya ngazi. Nilidhani ni kiburi. Siku hizi nadhani alikuwa anajifunza kuchukua nafasi ndogo zaidi, ili siku ya kuondoka pasionekane pengo.

Kisha ikaja ile mvua.

Ilinyesha mpaka uwanja wa shule ukafungwa, mpaka kijito cha nyuma kikapanda nyasi. Nilifika nyumbani mchana nikiwa nimelowa hadi kwenye chupi, na mlangoni nikakutana na harufu ya plastiki ya moto. Pampu ilikuwa inanguruma bila kuzima. Mama alikuwa kwenye sare, begi begani, zamu ikimsubiri, lakini amesimama juu ya ngazi kama ameota mizizi.

"Toka asubuhi iko hivyo," alisema. "Haipumui."

Halafu ikanyamaza. Kelele nilikuwa nimeizoea. Ukimya ule, hapana. Tukasikia kifuniko cha shimo kikitikisika, na maji yakaanza kutoka, meusi, taratibu, yakitembea sakafuni kuelekea kitandani.

Mwenyekiti alikuwa kwenye ngazi ya mwisho. Amekunja suruali hadi magotini, miguu mitupu, tai shingoni. "Nitaichomoa," alisema, "niirudishe. Pengine imekwama."

Ndipo nikaona ekstensheni. Waya wa pampu haukufika ukutani, kwa hiyo miezi yote ile ilikuwa imechomekwa kwenye ekstensheni iliyolala sakafuni, na taa yake nyekundu ilikuwa bado inawaka. Maji yalikuwa yameshaifikia.

"Mwenyekiti, usikanyage!"

"Redio, si wakati wa..."

Nilimrukia. Nilimshika tai na kola kwa pamoja, nikamvuta kwa nguvu zangu zote, akaanguka kwa makalio kwenye ngazi. Mama akapiga kelele, "Mutoto! Unamukamata Mwenyekiti!"

"Umeme uko kwenye maji!"

Nikakimbia nje kwenye sanduku la umeme, ukutani, mvua ikinipiga usoni. Vidole vilikuwa vinateleza. Nikateremsha swichi kuu, nyumba nzima ikafa. Niliporudi, alikuwa pale pale, kola imepinda, anaangalia maji yakigusa mguu wa kitanda. Mikono yake alikuwa ameikalia.

"Ungenisubiri niombe nafasi," nikamwambia, "saa hizi ungekuwa chipsi."

Alinyoosha tai. "Kaeni," alisema. "Kikao kimefunguliwa."

"Mwenyekiti, maji!" mama akalia.

"Maji ndiyo ajenda. Kaeni."

Tukakaa kwenye ngazi, mmoja juu ya mwenzake. Akaomba dua, safari hii fupi, sijawahi kusikia fupi namna ile. Kisha akauliza: tumwite ejenti au tusimwite? Kila mtu kura moja. Yeye atapiga mwisho.

"Tumwite," nikasema. "Sasa hivi."

Mama alitikisa kichwa. Alikuwa analia bila kujificha. "Mimi sipigi hiyo simu. Siku tulifika kambini na mvua kama hii, mama yangu na sisi watoto, hatuna hata shitingi, ile plastiki ya kujifunika. Wewe ulitoa shitingi ya juu ya nyumba yako. Sasa mimi nikufukuze kwa simu? Hapana. Yajae tu."

Maji yakapanda ngazi ya kwanza. Maboksi ya Krismasi yakaanza kuelea.

Kura zikawa sare, moja kwa moja. Mwenyekiti alitutazama wote wawili kwa zamu, na kwa mara ya kwanza nilimwona jinsi alivyo mdogo, mabega yake kama hanga lililovikwa koti.

"Kura ya mwenyekiti," alisema, "ni kwamba ejenti aitwe."

Nikatoa simu. Akanyoosha mkono. Nilidhani anataka kunizuia, lakini aliichukua, na ejenti alipoitikia, Mwenyekiti akaongea Kiingereza. Kiingereza kamili, cha taratibu, kila neno limepigwa pasi. Alisema pampu imekufa, maji yanapanda, umeme umezimwa kwa usalama, ndani kuna mama na binti yake, na fundi anahitajika leo. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Ejenti akamuuliza yeye ni nani.

"Mgeni," akasema. "Nilikuwa napita tu."

Fundi alipofika, kitanda kilikuwa kimeshapandishwa juu na Mwenyekiti alikuwa kwenye treni ya Fairfield na sanduku lake, kwa ndugu wa kanisani. Mama alijaribu kumzuia mlangoni. Aliinamisha kichwa kidogo, vile alivyowafanyia majirani, akatoka.

Fundi alitupa pampu ya zamani, akaweka mpya na vali mpya. Aliyasifu mafundo ya kitenge. Akatuuliza kwa nini hatukuita mapema, bomba lilipoanza kugonga, maana ilikuwa kazi ndogo na mwenye nyumba ndiye anayetakiwa kuigharamia. Msemo wa Mwenyekiti ulikuwa hautafsiriki. Chumba kikakauka. Pampu mpya haisikiki kabisa, na ilinichukua muda kuzoea kulala.

Nilikaa na swali la fundi hadi likizo. Kisha, bila kikao, nikampigia yule dada ejenti. Nikamuuliza: mtu akitaka kuongezwa kwenye mkataba, anafanya nini? Nilikuwa nimejiandaa kukata simu nikisikia king'ora. Akasema tu kwamba mtu aombe, naye ejenti atamwuliza mwenye nyumba. Nikamwambia kuna chumba kimoja huko juu tulichokijaza masanduku, akasema hicho kinafaa. Siku mbili baadaye akanipigia: mwenye nyumba hana tatizo, wanahitaji kuongea na mhusika mwenyewe.

Nikapanda treni ya kwenda Fairfield. Nilimkuta kwenye fleti ya ghorofa, sebuleni, nyuma ya pazia lililofungwa kwa kamba kati ya kabati na dirisha. Sanduku lilikuwa limefungwa, kama mtu anayesubiri kuitwa. Watoto wa nyumba ile walikuwa wanacheza gemu upande wa pili, risasi zinalia.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, Redio. Mama hajambo?"

"Hajambo. Amesema urudi."

"Haiwezekani."

"Ejenti amekubali."

"Wewe ndiye uliyeniambia nivulie ndege kofia."

"Hilo lilikuwa utani. Hili siyo."

"Umekwenda kulalamika."

"Sikulalamika. Niliuliza."

"Ni kitu kimoja."

"Siyo kitu kimoja!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na nyuma ya pazia gemu likasimama. Sikuwa na mzaha hata mmoja mfukoni. "Chumba kipo juu. Kina dirisha. Mama amekipaka rangi. Sijui nifanye nini uamini."

Nikapiga namba, nikaweka spika, nikaishika simu kati yetu. Iliita. Mwenyekiti aliitazama kama alivyoitazama ile rasta ndani ya pampu, yuko tayari kurudi nyuma. Dada akaitikia, nikamwambia niko naye hapa. Akachangamka. Akasema vizuri, basi anahitaji jina lake, lile kamili, la kuandikwa.

Nikafungua mdomo kumjibu, nikagundua silijui. Miaka yote ile, na silijui.

Mwenyekiti alisimama. Alifunga kifungo cha koti. Akaichukua simu kutoka mkononi mwangu, akaisogeza karibu na mdomo, akataja jina lake lote, la kwake, la baba yake na la babu yake. Lilikuwa refu, na zuri. Ejenti akamwomba samahani, amtajie herufi kwa herufi.

Akaanza na ya kwanza.